Tulipokuwa tunashoot filamu kwetu Ikonge, tukaita "Baba" na mama jirani akaitika

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Najua humu mtu akileta kisa, kabla hajafika katikati mshamwambia ni chai, yaani ametunga. Sasa mimi natoka Ikonge, Nyamira. Chai kwetu imefika hadi mlangoni. Lakini hii siyo. Hii ilinipata mwenyewe, nimebadilisha majina tu ili watu wangu wasinitafute.

Ni ndefu kidogo, tafuteni pa kuegemea.

Niko Nairobi nasomea mambo ya filamu. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima atengeneze filamu fupi yake. Chuo kinakupa kamera na onyo. Mengine jitafutie.

Script yangu ilikuwa rahisi. Kijana amekaa mjini miaka, anarudi kijijini jioni moja. Akiwa getini anaanza kuita: "Baba! Baba, nimerudi!" Hakuna anayejibu. Anaingia ndani, nyumba tupu, moto umezimika. Anaita tena. Kimya. Mwisho.

Lecturer alisema ni kitu kidogo lakini kinaweza kubeba, mradi hicho kimya cha mwisho kisikike. Shikeni hapo kwenye kimya, nitarudi.

Location niliyoiwaza ni kwetu nyumbani.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Dada yangu ameolewa mbali, mimi niko Nairobi, kwa hiyo mzee alibaki pale peke yake na ng'ombe mmoja.

Sasa mimi na mzee hatujawahi kugombana. Shida ni kwamba hatukuwahi kuongea. Zamani nikipiga simu nilikuwa naongea na mama, kisha namsikia akimgeukia mzee, "Mwanao anakusalimia." Mzee anajibu kwa mbali, "Mwambie nimesikia." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na baba yangu tangu nipate simu.

Mama alipoondoka, simu zetu zikawa hivi:

"Uko salama?"

"Niko salama."

"Haya."

Imekatika.

Nikienda nyumbani tunakaa sebuleni kama watu wawili kwenye foleni ya daktari. Anatazama mlango, natazama simu. Kiti cha mama kiko katikati na hakuna anayekikalia.

Kwa hiyo niliwaambia wenzangu kwetu kuna location ya bure. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine, ambayo sikumwambia mtu, ni kwamba nilitaka kurudi pale na kelele za watu. Nilitaka kujua kama pale bado ni nyumbani, au imebaki tu nyumba ambayo mzee analala.

Tulienda wanne. Brayo ndiye kamera, mtoto wa Kayole, mtaani Nairobi, mgomba alikuwa ameuona kwenye simu tu. Shiku ndiye sauti, msichana mkali sana akivaa headphones, hata ukikohoa atakukumbuka. Na Salim ndiye mwigizaji. Salim ni wa Kisii town, Mwislamu, baba yake ana duka la nguo pale mjini. Kwao wanaongea Kiswahili tangu asubuhi, lakini Ekegusii, lugha yetu Wakisii, anakisikia vizuri, amekua sokoni.

Tulifika Alhamisi. Mzee akatupokea getini, akawasalimia wageni kwa mikono miwili. Akaingia kutafuta vikombe.

Wakuu, vikombe vyote vilikuwa vimefungiwa kabatini, vina vumbi. Nje kilikuwa kimoja tu, chake. Nilisimama pale nikimtazama akivisuuza kimoja baada ya kingine. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa.

Alitoa sharti moja. Mzee ni Msabato wa kweli, si wa kuhesabiwa tu. Akamwambia Brayo, "Kijana, hiyo mashine yako fanya kazi vile unataka. Lakini Ijumaa jua likilala, nayo ilale."

Maana yake tulikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi yenyewe mvua ikaanza mchana, ile ya Nyamira isiyo na haraka ya kwenda popote. Tukashinda ndani.

Hapo ndipo niliona kitu cha ajabu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walijua. Mzee alianza kuongea! Na kwa Kiswahili baba yangu ni mtu wa hadithi. Kumbe ni mimi tu, wa kuongea naye Ekegusii, ndiye napewa "lete maji" na "funga ng'ombe." Brayo alipewa yote. Akaambiwa vile mzee alimwona mama mara ya kwanza Kebirigo, siku ya soko, akibishana na mwenye duka juu ya sufuria yenye tundu. Akaambiwa vile walipanda ile chai ya mbele ya nyumba wawili peke yao, na mama akiimba nyimbo za kanisa vibaya makusudi ili amchekeshe.

Brayo anacheka, anauliza, "Na sufuria alirudishiwa?"

Mimi niko pembeni namenya ndizi mbichi. Sikuwahi kuambiwa hata moja ya hizo. Nilisikia wivu, sitaficha. Kumwonea wivu mtu wa Kayole kwa sababu ya baba yako mwenyewe ni upweke wa aina yake, sikutakii.

Ijumaa kukakucha safi. Siku nzima tulishoot vitu vidogo: mikono, mlango, moshi. Shiku alipigana vita na kuku. Mzee alichuma majani ya chai asubuhi, na mchana ukigeuka akayabeba kwenda buying centre, kule chai inakouzwa, akasema atarudi kabla ya Sabato kuingia.

Ikabaki ile shot kubwa. Salim anatokea getini anaita, kamera iko mbali, mwanga wa jioni unapiga mabati.

Niseme hapa kwamba kaburi la mama liko upande wa kushoto wa nyumba, karibu na migomba. Nilimwambia Brayo asogeze kamera kulia. Akasogeza. Nikamwambia tena. Akanitazama, akaangalia kule kushoto, akaelewa, akasogeza. Kwenye picha kukabaki nyumba tu.

Nikasema, "Action."

Salim akaja, begi begani, akasimama getini, akaita:

"Baba! Baba, nimerudi!"

Wakuu, kwetu ni mabonde. Sauti ya ng'ambo unaisikia kama iko nyuma ya choo. Ile sauti ikatoka, ikashuka bondeni, na kabla haijaisha, huko chini kwenye chai, sauti ya mwanamke ikajibu:

"Yeee!"

Shiku akavua headphones. "Nani huyo?"

Nikasema ni watu wanaitana shambani, turudie.

Tukarudia. Salim akaita, safari hii kwa uchungu zaidi, sauti ikamkatika katikati. "Baba!"

"Yeee! Naja!"

Imekaribia.

Brayo akaanza kucheka. Nikawaka, nikasema jua linaondoka, tuwe serious. Tukaanza tena. Salim akaita, na safari hii hakuitikiwa. Nikashusha pumzi. Salim anatembea kuelekea mlangoni, picha ni nzuri hadi unaogopa, na hapo ndipo Mama Kerubo akaingia kwenye picha.

Mama Kerubo ni mke wa baba mdogo, shamba lao linapakana na letu. Alitokea kwenye migomba akikimbia, kikapu cha chai bado kiko mgongoni, kitambaa cha kichwa kimeanguka huko nyuma. Akampita Salim kama mti. Akaja moja kwa moja hadi kwangu nyuma ya kamera, akanishika mashavu kwa mikono yenye utomvu.

"Ni wewe? Ni wewe unaita baba?"

Hapo ndipo niliposikia neno lenyewe.

Kwa wasiotoka kwetu: kwa Ekegusii, baba ni mama. Ndiyo, mmesoma sawa. Mama aliyekuzaa unamwita *baba*. Mzee unamwita *tata*. Mtoto wa Kisii akienda shule anafundishwa "huyu ni baba", anaonyeshwa picha ya mwanaume mwenye tai, na anazoea, anaweka maneno hayo kwenye rafu mbili tofauti kichwani. Darasani baba ana ndevu. Nyumbani baba anakupikia.

Mimi script niliiandika Rongai, nje kidogo ya Nairobi, kwenye laptop, kwa Kiswahili. Niliandika baba nikimaanisha baba wa Kiswahili, yule mwenye ndevu. Naapa rafu ile nyingine haikufunguka hata mara moja. Nikachukua neno hilo nikalipeleka Ikonge, nikaliitisha kwa sauti jioni, getini kwa mama yangu, na kaburi lake liko hatua chache kutoka pale.

Brayo akawa wa kwanza kuuliza. "Ngoja. Baba si ameenda buying centre?"

"Huyo ni tata," nikamwambia.

"Na baba?"

Mama Kerubo akamjibu kwa mkono. Akanyoosha kidole kwenye migomba, kule kushoto.

Hakuna aliyecheka tena.

Nikamweleza Mama Kerubo ni mchezo, ni filamu, ni Kiswahili. Akanisikiliza. Akasema, kwa Ekegusii, nami nawatafsiria: "Mimi nilijua ni wewe. Siku ya mazishi hukulia. Nilikuangalia siku ile yote, hukulia. Nikasema, leo imetoka, wacha nikimbie."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini ulikuwa unaitika?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji huteremka.

"Mtoto ameita baba. Ulitaka ninyamaze? Hilo jina haliachwi hewani."

Sijui kama hiyo ni mila ya Wakisii wote au ni yake yeye. Wakisii wenzangu mtanisaidia kwenye comments. Ninachojua ni kwamba aliacha chai yake bondeni akapanda mbio, kwa sababu mtu alikuwa anaita na mwenye jina hayupo.

Nikamgeukia Salim. Nikamwambia, wewe Ekegusii unakijua, kwa nini hukuniambia?

Salim akababaika. Akasema, "Bro, si ndiyo maana ya script? Mimi nilisoma nikajua unamwita mamako. Nikasema jamaa ameficha ndani ya Kiswahili, ni deep sana. Ndiyo maana nilikuwa nalia vile."

Wakuu, mtu mwingine alikuwa ameielewa filamu yangu, na si mimi.

Nikaenda jikoni. Jiko letu liko nje, lile la mama. Mzee halitumii, ana gesi ndogo sebuleni. Majivu yaliyomo ni ya zamani, yameshikana. Nikakaa kwenye kigoda cha mama na nikajaribu kuliita lile neno mwenyewe, kwa sauti ndogo tu. Halikutoka. Nilimkumbuka mama hadi meno yakaniuma. Nilikuwa nimeleta watu watatu kutoka Nairobi na bado nilikuwa peke yangu kuliko siku nikija mwenyewe.

Shiku akaja mlangoni. Akasema taratibu, "Pole. Lakini jua linaenda na sijachukua room tone."

Niwaeleze room tone. Kila chumba kina kimya chake. Mkimaliza kushoot, watu wote wanasimama bila kujitikisa, na mtu wa sauti anarekodi chumba kikiwa hakina neno. Baadaye ukikata maneno kwenye editing, unaziba mapengo na kile kimya. Usipokichukua, filamu inasikika kama imetobolewa.

Tukaingia sebuleni. Shiku akaweka mic katikati, juu ya kiti cha mama. Nilitaka kumkataza, nikaacha.

Mlango ukafunguliwa. Mzee.

Alikuwa amerudi mbio kiasi chake. Huko njiani alishaambiwa mwanawe amesimama getini anamwita mama yake. Alinitazama kutoka chini hadi juu kwanza, kuona kama niko mzima. Kisha akaona tumesimama kama sanamu, akauliza kwa Kiswahili:

"Mnafanya nini?"

Shiku akanong'ona, "Tunarekodi, mzee."

"Mnarekodi nini? Hakuna mtu anaongea."

"Tunarekodi kimya. Kimya ya nyumba."

Mzee akafikiri. Akavua kofia.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo hapa iko mingi. Bebeni yote mwende nayo Nairobi."

Hakucheka. Akaja akaketi kwenye kiti chake, miguu pamoja, kofia mapajani, akatulia kama tulivyotulia sisi. Shiku akabonyeza.

Sijawahi kusikiliza nyumba yetu hivyo. Mabati yanapoa, yanagonga tik, tik. Ng'ombe anatafuna. Saa ya ukutani ambayo mama alikuwa akiipeleka mbele makusudi ili tusichelewe kanisani, bado iko mbele. Na mzee anapumua. Nikagundua anaangalia kile kiti, na kwamba anakiangalia kwa njia ya mtu aliyezoea. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake kila jioni tangu sisi turudi mjini baada ya mazishi. Mimi huko Nairobi nikidhani hana la kuniambia, kumbe kila simu alikuwa anaipokea akiwa ndani ya kimya hiki.

Shiku akasema, "Okay. Imetosha."

Mzee akatazama huku na huku.

"Mimi naona bado iko," akasema.

Kisha akainuka, akatuambia tuzime mashine, Sabato imeingia.

Mama Kerubo alileta chakula usiku ule, obokima, yaani ugali wa wimbi, na mboga za saga. Watu wakala, Brayo akafundishwa kukata ugali kwa vidole. Siku iliyofuata tukaenda kanisani, Salim akabaki anachunga ng'ombe. Jumapili tukaondoka. Mzee alinipa mkono getini, na nikaona anataka kusema kitu. Akasema, "Haya." Nikasema, "Haya." Nikaondoka nikijua nimeshindwa.

Filamu niliikata Nairobi. Niliacha ile sauti ya Mama Kerubo. Kijana anaita, na mbali huko bondeni mtu anaitika, halafu ndani ya nyumba ni kile kimya cha kwetu. Lecturer akauliza, "Huyo anayejibu ni nani? Script ilisema hakuna anayejibu." Nikamwambia ni jirani. Akasema inachanganya, itoe. Sikuitoa. Alama nilizopata ni za kawaida tu, msinipongeze.

Funzo langu ni dogo. Kama una mzazi aliyebaki mmoja, usimpigie simu kumuuliza kama yuko salama. Atakwambia yuko salama. Kaa naye tu kwenye laini.

Ndivyo mimi hufanya sasa. Siku za kwanza ilikuwa aibu. Tukimaliza "uko salama" mimi sikati, naye hakati. Namsikilizia mabati, namsikilizia ng'ombe. Airtime inaenda, wacha iende. Siku moja, katikati ya kile kimya, akaniambia kwa Ekegusii, bila kuulizwa, kwamba ile sufuria alirudishiwa. Mpya kabisa. Ndiyo ile tulikuwa tunapikia maziwa.

Na wiki iliyopita nilikuwa nimechoka, mambo yamenibana, sitayaeleza hapa. Nikampigia. Tukanyamaza kama kawaida yetu. Sijui ni nini kilinipata, neno likanitoka lenyewe, lile lililokataa kutoka kule jikoni.

"Baba."

Sijui kama niliita kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Mimi mzee humwita tata, hata siku moja sijamwita vingine.

Nikasikia kiti kikilia kule Ikonge, kama mtu amejiweka sawa. Kisha baba yangu akaitika:

"Yeee."

Hakuniuliza nilikuwa namwita nani.

Haya wakuu, nimemaliza. Kwenu mama anaitwaje, na ukimwita sasa hivi ni nani ataitika? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.